Sikio la Pili la Maud

Mstahiki Meya, Mheshimiwa Mkuu wa Kanisa Kuu, waongoza wageni wenzangu, nanyi ndugu wa Ellenchester mlioacha chai ipoe kwa ajili yangu: kila mmoja kwa cheo chake, nawasalimu.

Mmenisifu mpaka nikageuka kutazama anayesemwa ni nani. Mmesema kwa miaka thelathini na mmoja, iwe ni ukuta wa Warumi, lango la mahujaji au mnara uliopigwa radi, Winifred hajawahi kukosa jibu. Ni kweli, na kwa ajili hiyo mmenivika nishani. Lakini hilo ndilo kosa langu. Mheshimiwa, naomba kitambaa hicho kisivutwe kwanza.

Chini yake kuna kibao kinachosema kwamba yule mwanamke wa jiwe kwenye nguzo ya kaskazini ya Kanisa Kuu, anayeziba sikio kwa kiganja, ni Maud, mke wa mwashi, aliyechoshwa na nyundo ya mumewe. Nani kawaambia? Kitabu cha mji. Nani alikiambia kitabu? Mimi. Na mimi niliambiwa na nani?

Hakuna. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini, wageni wameloa chapachapa, mama mmoja akauliza, "Huyo naye anaziba sikio la nini?" Niliona haya kusema sijui. Nikamtungia mume, wakacheka. Mwaka wa pili nikampa jina. Leo ana biskuti zake dukani, nanyi mnazinunua!

Mbona sikukiri? Kuna mjane wa fundi mawe aliyesimama pale akasema, "Hata mimi nilimgombeza marehemu kwa nyundo yake," akalia. Ningemwambia nini?

Jumanne iliyopita mgeni aliuliza swali lilelile. Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikasema, "Sijui." Gerald, mshika funguo wetu, nusura aangushe funguo zote.

"Wewe, Winifred? Hujui?"

"Sijui, bwana. Lete ngazi na tochi."

"Ukivunjika kiuno usinitaje!"

Nikapanda, yeye akashika ngazi huku akinung'unika. Kati ya kiganja na shavu pana upenyo mwembamba. Nikamulika. Ndugu zangu, ndani mna sikio! Sikio zima, na mikunjo yake yote, limechongwa mahali ambapo mtu aliyesimama chini hawezi kuliona. Mchongaji alilichonga kwa ajili ya nani? Kwa nini ajisumbue hivyo, kisha alifunike? Sijui, na tangu Jumanne nina furaha kama ya mtoto. Miaka yote hiyo nimepita chini yake, wala sikuwahi kupanda kutazama, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Nishani hii naivua mwenyewe. Iko hapa mezani, mtaamua nyinyi. Ila ngazi bado imesimama pale nguzoni, na tochi anayo Gerald. Ahsanteni kwa kunitegea sikio. Sasa twendeni tukalione lile lingine.