Anayesema Sijui Anaosha Vikombe

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, limeegemea ukuta wa duka la kushona nguo, na ng'ambo ya barabara, hatua thelathini tu, lilikuwapo lango la chuo. Jumamosi hiyo asubuhi ukungu ulikuwa haujainuka, na mvuke wa birika la Shangazi muuza kahawa ulipopanda ulichanganyika nao hata usijue upi ni upi. Juu ya lango pametundikwa kitambaa kirefu cha njano chenye maandishi meusi: HAKATHONI YA WANAOANZA. SIKU MBILI. ASIYEJUA NDIYE TUNAYEMTAKA. Chini yake kulikuwa na meza, na mwalimu mmoja wa kike akiandika majina ya wanafunzi waliofika mmoja mmoja, kompyuta zao wamezikumbatia kifuani kama mikate ya moto. Saa tatu kamili meza ingeondolewa na mlango kufungwa. Wenyeji wa benchi walikuwa watatu. Wa kwanza Redio, fundi viatu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Wa pili Mhandisi, mziba pancha, jina alilojipa mwenyewe. Wa tatu Pindo, fundi cherehani mwenye duka, ambaye asubuhi hiyo alikuwa na sababu ya kulitazama lango kuliko wenzake. Benchi lilikuwa na sheria moja, nayo ilishikwa kama kiapo: hapa halitamkwi neno "sijui". Atakayelitamka ataosha vikombe vya wote, mbele ya wote. Kwa miaka kumi na moja hakuna mwanamume aliyewahi kutia mkono kwenye beseni la Shangazi.

— Haya, nielezeni, alisema Shangazi akimimina. Hicho kitu cha pale getini ni nini hasa?

Redio alijibu kabla swali halijatua.

— Hakathoni? Mbona rahisi! Wanafunzi wanafungiwa ndani siku mbili. Wanaingia na tatizo, wanatoka na dawa yake iko ndani ya simu.

— Wanafungiwa? Na chakula je?

— Wanaletewa humohumo. Akili ikishapata moto huitoi nje, Shangazi. Itapoa.

Mhandisi akatikisa kichwa kwa huruma.

— Redio, leo una mikwaruzo. Hawafungiwi, wanagawanywa vikundi. Mmoja anachora, mmoja anaiandikia kompyuta amri, mmoja anajifunza kusimama mbele za watu aeleze. Kesho jioni wanaonyesha walichotengeneza. Si ndivyo, Pindo? Binti yako si yumo?

— Yumo, alisema Pindo. Katoka nyumbani saa moja, sasa hivi atakuwa ameshakaa. Nilimshonea mkoba wa kompyuta kwa lile koti la kijivu la mteja aliyehama. Bitana ya hariri, mfuko wa ndani, kifungo cha pembe.

— Na kompyuta yenyewe anaiweza?

— Mwanangu? Pindo akacheka kidogo. Anaijua kama mimi ninavyoijua sindano.

Maneno hayo alikuwa ameanza kuyasema Jumatatu, na kila siku yalinenepa. Ukweli ni kwamba binti yake alikuwa mwaka wa kwanza, akisomea kufundisha watoto wadogo, na kompyuta alikuwa ameigusa mara nne tu, tena ya rafiki yake, ndiyo hiyohiyo aliyoazimwa kwa siku hizi mbili. Jumatano alipita dukani kuchukua uzi wa mama yake, akamkuta baba yake kibarazani akiyatamka hayo ya sindano kwa sauti ya kifua mbele. Alichukua uzi akaenda zake. Pindo alimwona akienda, na tangu hapo kila kikombe cha kahawa alikiacha nusu.

— Mimi nakwambieni, akasema Mhandisi, akinyoosha miguu. Watoto wale wataziba pancha kabla ya msumari.

— Kivipi?

— Gurudumu linakwenda, linajisemea lenyewe: hatua arobaini mbele kuna msumari. Basi linakwepa. Halijachomwa, halijalia.

— Na wewe je, utafanya kazi gani?

Mhandisi alikuwa hajafika huko. Alikaa na kikombe chake hewani.

— Nitakaa hapa, akasema taratibu. Nitasikiliza magurudumu yakipita, hayana shida na mimi. Hebu fikirieni ule utulivu.

Wakaufikiria. Baiskeli ikapita ukunguni bila kuonekana vizuri, mnyororo wake ukilia tik tik kama mtu anayehesabu kwa kunong'ona, ikaenda, ikaisha.

— Hiyo ndogo, akasema Redio. Mimi viatu nimevishika. Kila kiatu kimelika upande wake. Yuko bwana mmoja hapa anamaliza kisigino cha kulia tu, kwa sababu kila siku akifika pale kona anageuka kumtazama mtu. Sasa watoto wale watatengeneza kitu. Unakiwekea kiatu, kinakusimulia njia zote kilizopita.

— Hata zile za siri? aliuliza Shangazi.

— Hasa zile.

— Basi nyumba nyingi watu wataanza kutembea peku.

Benchi likatikisika kwa kicheko. Redio hakucheka. Alikuwa ameshazama ndani ya jambo lake.

— Nina kiatu kimoja dukani, cha mtoto. Kililetwa kimoja tu, mwenyewe hakurudi. Ningekiuliza hicho.

Shangazi akamwongezea kahawa bila kuombwa, kisha naye akaketi juu ya ndoo yake aliyoigeuza.

— Mimi ningewaomba kitu cha kuokota ndoto, akasema. Si mnajua inavyokuwa? Unaamka, umeishika, unageuka kutafuta kanga, imekwenda. Basi kiwepo kama chujio dirishani. Asubuhi unachungulia, hiyo hapo imenasa, bado ina uvuguvugu.

— Ikinasa ya jirani je?

— Naipeleka. Nabisha hodi, nasema: jirani, umedondosha hii.

— Hufungui kwanza?

— Nafungua kidogo tu, nione kama nimo.

Kila mmoja akajiuliza ndoto zake zimenasa dirisha la nani. Ng'ambo ya barabara wanafunzi wawili wakafika mezani, wakaulizwa kitu, wakajibu, wakaingia. Pindo alijikuta akiutafuta mkoba wa koti la kijivu mabegani mwao.

— Pindo, na wewe? Usikae kama mgeni.

— Mimi kitambaa, akasema Pindo. Kitambaa kinachokua na mtoto.

— Eleza.

— Sare ya mwanangu ya shule niliishonea pindo la vidole vinne. Kila mwaka nashusha kidole kimoja. Lakini mstari wa pindo la zamani haufutiki, upige pasi, uloweke, ndiyo kwanza unang'aa. Alipofika darasa la tano sketi yake ilikuwa na mistari mitatu, wenzake wakawa wanamhesabia. Nami nikawaza, laiti kingekuwapo kitambaa ambacho mtoto akilala nacho kinanyooka, asubuhi kimemfika, wala hakuna anayeona kilikuwa kifupi lini.

Safari hii hawakucheka. Hata Redio alitazama chini. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua kichwa, akatazama pembeni mwa duka, na uso wake ukabadilika.

— Pindo, akasema. Si huyu hapa?

Alikuwa binti yake, amesimama kwenye pembe ya ukuta, viatu vimelowa umande, mkoba wa koti la kijivu ameukumbatia kwa mikono miwili. Hakuwahi kufika benchini hata siku moja. Akija, huishia mlangoni mwa duka.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, mama, waliitikia wote kwa pamoja, kisha wakasogea kumpisha, kana kwamba benchi lilikuwa limejaa.

— Mimi nilidhani uko ndani, alisema Pindo.

— Sijaingia, baba. Nimeuzunguka ukuta wa chuo mara tatu.

— Kumetokea nini?

— Nina swali moja tu. Akauweka vizuri mkoba. Pale mezani kila anayefika anaulizwa, wewe unajua nini? Nimesimama karibu nikasikia. Mmoja akasema anajua kuchora. Mwingine anajua hesabu. Mwingine kaka yake ana duka la simu. Sasa mtu asiyejua, anasema nini?

Swali lilikuwa dogo, nalo likawakuta vibaya.

— Anasema, akaanza Mhandisi, anasema… aliwahi kujua. Zamani.

— Wakimuuliza alijua nini?

Mhandisi akachungulia ndani ya kikombe chake kama aliyedondosha jibu humo.

— Anakohoa, akasema Redio. Anakohoa sana, mpaka wanamhurumia, wanampitisha.

— Na ndani?

— Ndani anaendelea kukohoa.

— Siku mbili, baba mdogo?

Redio akazimika. Lilikuwa jambo la kuandikwa ukutani, lakini hakuna aliyelicheka.

— Mimi usinitazame, mwanangu, alisema Shangazi. Hapa mimi naosha vikombe, maneno ni ya wanaume.

Mlinzi wa chuo alitoka, akaitazama saa yake, akaanza kukusanya viti viwili vya akiba. Binti akaliona hilo. Akamsogelea baba yake na kushusha sauti, ingawa kwenye benchi lile hakuna sauti iliyowahi kushuka vya kutosha.

— Nirudi nyumbani? Utawaambia nimeamka na homa. Ulishawaambia naijua kama sindano. Nikiingia mle nikaonekana sijui hata kuiwasha vizuri, habari zitavuka barabara kabla ya mchana. Nisije nikakuaibisha.

Pindo aliangalia mikono yake. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na kovu dogo jeupe, nalo asubuhi hiyo aliliona kama amewekewa upya. Alikuwa kijana wa umri wa huyu binti alipopelekwa kwa fundi mkubwa. Fundi alimuuliza, cherehani unaijua? Akajibu, naijua. Mwezi mzima alishona na sindano aliyoifunga kinyume, ubavu wake bapa ukielekea kusikofaa, uzi ukikatika kila mishono mitatu, naye akinyamaza, akiunga, akilowesha shati kwa jasho. Siku sindano ilipovunjika ikamwingia kidoleni ndipo fundi aliinama, akaigeuza mpya kwa vidole viwili, akasema: kumbe ni hivi tu? Mbona hukuuliza? Kisa hicho Pindo hakuwa amemsimulia mtu yeyote duniani, hata mkewe.

Akavuta pumzi.

— Sijui, akasema.

Redio aligeuka kama aliyepigwa kofi. Kikombe cha Mhandisi kikagota kwenye ubao.

— Pindo, bwana, angalia mdomo!

— Nasema sijui. Pindo aliyasema macho yakiwa kwa binti yake tu. Kompyuta siijui, mwanangu. Wala sikujua kama wewe unaijua. Niliyasema yale ya sindano kwa sababu yalikuwa matamu mdomoni. Na sindano yenyewe, mwezi wa kwanza sikuijua. Niliifunga kinyume nikaona haya kuuliza. Kovu ndilo hili.

Akamwonyesha kidole. Binti akakishika, akakigeuza kwenye mwanga, kama mtu anayesoma.

Shangazi alilisukuma beseni kwa mguu. Lilikwaruza sakafu, likafika, likasimama mbele ya Pindo likiwa na maji, povu na vikombe sita vya wateja wa alfajiri. Pindo akakunja mikono ya shati, akachuchumaa, akaingiza mikono majini.

— Hivyo tu? aliuliza binti.

— Hivyo tu. Unalisema, halafu unaosha vikombe. Unaona kuna aliyekufa?

Binti alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomponyoka. Kisha akageuka, akavuka barabara, kwanza kwa kutembea, kisha, alipomwona mlinzi ameshika ncha ya meza, kwa kukimbia, mkoba wa koti la kijivu ukimgonga nyongani.

Ukungu una tabia ya kuleta sauti karibu. Benchi zima lilitega sikio, na kutoka ng'ambo wakasikia kila kitu kama kinasemwa dukani.

— Karibu. Wewe unajua nini?

Mlinzi alikuwa bado ameshika ncha ya meza.

— Sijui kitu, mwalimu.

— Aa! Sauti ya mwalimu ilipanda kwa furaha, kama ya mtu aliyekuwa akisubiri mgeni tangu alfajiri. Hatimaye! Wote waliotangulia wanajua kila kitu, nilishaanza kuogopa. Njoo, nimekuwekea kiti cha mbele.

Mkoba wa kijivu ukapita chini ya kitambaa cha njano, ukaingia. Meza ikabebwa. Lango likafungwa polepole.

Pindo aliendelea kusugua kikombe kimoja ambacho kilishatakata zamani.

— Shangazi, akasema Redio baada ya muda, sauti yake imelegea. Niongeze kidogo.

Shangazi akaliinamisha birika. Likatoa tone, kisha mvuke, kisha hewa.

— Imeisha.

Redio akakishusha kikombe chake ndani ya beseni, taratibu, maji yasiruke. Akatazama lango.

— Pindo. Kesho jioni wakitoka, unadhani atakuwa ametengeneza nini?

Kwa mazoea ya miaka kumi na moja, Pindo alifungua mdomo kumpa jibu. Kisha akaufunga, akatabasamu kwenye povu.

— Sijui, akasema, na safari hii neno lilitoka jepesi.

Mhandisi akainuka benchini. Akakunja mikono ya shati lake, wa kushoto, kisha wa kulia, akachuchumaa upande wa pili wa beseni.

— Sogea, akasema. Hata mimi sijui.