Tone, Kama Alivyoandikwa na Dada Yake Mwenye Wivu

Marehemu, ambaye tangu utotoni aliitwa Tone kwa udogo wa mwili wake, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Mei 1969, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi saa na mkewe mshonaji. Dada yake, anayesoma wasifu huu, alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Siku hiyo alishushwa mgongoni mwa mama, na hajasahau. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza, mwezi mmoja kabla hajatutoka: "Asome Dada. Asinipambe. Aseme na wivu wake wote, wasikie."

Alianza shule Januari 1976. Dada alikuwa amepoteza mwaka mzima kwa kuvunjika mguu, kwa hiyo wakajikuta darasa moja, dawati moja. Kila muhula Tone alikuwa wa kwanza na dada wa pili. Baba aliisoma kwanza ripoti ya mdogo, akaisifu weee, kisha akamgeukia mkubwa: "Na wewe pia umejitahidi." Hilo "pia" lilimkaa dada kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka 1991 wote wawili walihitimu stashahada ya maabara, wakaajiriwa hospitali moja. Dada aliwekwa chumba cha kutoa damu; Tone akapewa mashine za kupima na kazi ya kuandika majibu. Mwaka 1997 mwalimu mmoja wa hesabu alikuja kupimwa. Dada alimdunga sindano kwa upole wa pekee, na siku hiyo alikuwa amejipaka wanja. Mwalimu alipopokea majibu akauliza, "Huyu mwenye mwandiko mzuri hivi ni nani?" Tarehe 8 Agosti 1998 alimwoa mwenye mwandiko. Dada alisimama harusini akitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kazi iliyompa marehemu jina ilikuwa kupima homosisteini kwa wagonjwa wa figo. Hicho ni kitu ambacho mwili hukitengeneza unapotumia protini. Figo zikichoka, hujaa kwenye damu, na wenye kiwango kikubwa mara nyingi ndio wenye hatari zaidi ya moyo na mishipa. Mwaka 2003 majibu yalianza kupanda ovyo, hata ya watu wenye afya njema. Tone aliifuata damu chumba kwa chumba, akaikuta imepangwa mezani kwa dada yake tangu asubuhi. Damu isipowekwa kwenye barafu na kutenganishwa upesi, chembe zake huendelea kumwaga homosisteini, na namba hudanganya. Mbele ya wenzake alisema tu, "Tuleteeni barafu." Hakumtaja mtu. Mwezi uliofuata akafanywa mkuu wa maabara. Dada angependelea kutajwa.

Mwaka 2009 shinikizo la damu liliziharibu figo za Tone mwenyewe, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Homosisteini yake ilikuwa thelathini na moja, wakati kawaida haizidi kumi na tano. Alipewa vidonge vya asidi foliki, ikashuka. Daktari alipofurahi, yeye alitikisa kichwa: "Namba imeshuka, moyo sijui. Huyu homosisteini hatujajua kama ndiye mwizi, au ni shahidi tu aliyekutwa pale."

Vipimo vilionyesha kuwa dada anafaa kumpa figo. Dada akaomba muda. Hakuogopa kisu. Alikaa kando ya kitanda cha mgonjwa akihesabu wageni na kadi, moyo ukimwambia: hata kuumwa, anaumwa vizuri kunizidi. Alipokuja kusema ndiyo, alimkuta shemeji yake amevaa gauni la hospitali, vipimo vyake vimekamilika.

"Mbona hamkunisubiri, shemeji?"

"Tulikusubiri. Wiki tano."

Tone aliinua kichwa kutoka kwenye mto wa kitanda. "Dada, usiniambie na hili unalionea wivu."

"Nalionea."

Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Figo ya mwalimu ilipandikizwa tarehe 3 Machi 2011, ikafanya kazi miaka karibu kumi na tatu. Moyo ndio uliochoka.

Januari mwaka huu, mapafu ya Tone yakiwa yamejaa maji, dada alimwambia ukweli wa zile wiki tano. Tone akajibu:

"Nilijua. Na mimi nikuambie. Wewe Baba alikufundisha kufungua saa. Mlikaa mezani jioni nzima, vichwa vimegusana. Mimi aliniambia nisiguse, nitapoteza skrubu. Nilikuwa wa kwanza darasani ili na mimi aniite pale mezani. Hakuniita."

Dada alipanda kitandani na viatu vyake, akalala ubavuni pake mpaka saa ya wageni ilipokwisha.

Marehemu alifariki kwa mshtuko wa moyo Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne.

Ameacha mama mzazi, mume, binti mfamasia, mtoto wa kiume aliye chuoni, mjukuu mmoja, na dada mmoja, ambaye tangu Jumanne hana wa kushindana naye.

Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani.