Namba Aliyoiacha Ikipimwa

Benchi letu liko nje ya saluni ya Wembe, kinyozi, ubavuni mwa bucha la Kisu. Asubuhi Kisu huleta birika la kahawa, Wembe huleta vikombe, mimi huja mikono mitupu. Wananiita Shemeji, kwa sababu marehemu mke wangu, mwalimu wa hesabu, ndiye waliyemjua kwanza, na walimwita dada. Aliacha kompyuta ikipima namba moja kubwa, kujua kama inagawanyika. Mpaka leo inapima. Jana Fundi, anayetengeneza redio na kompyuta ng'ambo ya barabara, alikuja kuikagua. Leo alituletea majibu benchini.

— Shemeji, nisikufiche, alisema Fundi. Inachemka kupita kiasi. Izime kabla haijakuunguzia nyumba. Ila ukiizima haiwaki tena, na kazi yote ya dada ndiyo imekwenda.

— Kwani hiyo namba ina nini? aliuliza Wembe.

— Chukua mbili, nilisema, uizidishe kwa mbili, tena na tena, mara mamilioni. Kisha toa moja. Kama ni namba tasa, hakuna kitakachoigawa bila kubakiza, isipokuwa moja na yenyewe.

— Niletee mimi, alisema Kisu. Sijaona kitu kinachokataa kugawanyika mbele ya shoka langu.

— Wewe hata nusu kilo hujawahi kuipatia, alisema Wembe. Mie naona hivi: kwa ukubwa huo, lazima ndiyo ya mwisho. Ikipatikana, hesabu zimefungwa, wanafunzi wapumzike.

— Namba tasa hazina mwisho, nilisema. Zidisha tasa zote unazozijua, uongeze moja. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayogawa jibu. Kila moja itabakiza moja. Kwa hiyo daima ipo nyingine usiyoijua.

Kisu alifikiri huku akimimina kahawa.

— Basi ni kama roho, alisema. Roho nayo haigawanyiki. Ile mashine ikimaliza, ndipo dada atakapopumzika. Usizime, Shemeji.

— Na nyumba ikiungua? aliuliza Fundi.

— Shemeji atalala kwangu, alijibu Kisu.

— Kwako kuna nafasi gani, na ndugu wa mkeo wote wale? aliuliza Wembe.

Mzee mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri kunyolewa, aliweka kikombe chini.

— Samahani, ndugu yangu. Mwenzio akipata jibu, alikuwa anamwambia nani?

— Mimi. Anakuja jikoni, anasema, “Na hii nayo imegawanyika.” Nampa pole, tunakula.

— Na hii mashine ikikujibu wewe, utamwambia nani?

Wembe alikung'uta taulo lililokuwa safi. Fundi aliniuliza kwa sauti ya chini kama aje jioni kuizima.

— Usije leo, nilimwambia.