Jumapili Mbwa Hakupumzika

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, hatua kumi kutoka ukingo wa lami, na ukikaa hapo mwezi mmoja utaijua ratiba ya kila mpita njia. Tuliyoijua kuliko zote ilikuwa ya mbwa. Jumatatu na Alhamisi anatembezwa kutoka nyumbani hadi benchini na kurudi, moja kwa moja, haruhusiwi kunusa nguzo. Jumanne ni zamu ya barabara: anafika ukingoni, anakaa, anasubiri aambiwe. Jumatano anapandishwa na kushushwa ngazi za jengo la ofisi mpaka mlinzi achoke kuwaangalia. Ijumaa ni sokoni, katikati ya mikokoteni na miguu ya watu. Jumamosi anapelekwa kwa mama mmoja anayefundisha mbwa nyuma ya gereji. Jumapili anapumzika. Kwa kushika saa kiasi hicho tulimbandika jina la Karani, na mwenyewe akaanza kuliitikia. Bwana wake alikuwa mwenzetu wa benchi, dereva wa gari la shule, tunayemwita Breki kwa kuwa miaka kumi na tisa hajagonga hata kuku. Lakini tangu aanze kumfundisha huyo mbwa, miezi mitatu sasa, alikuwa akitupita kama asiyetujua. Jumapili hiyo ilikuwa ya mwisho wa likizo fupi, kesho yake watoto wanarudi darasani. Saa kumi na moja jioni tukamwona Breki anatokeza ng'ambo ya barabara, kamba mkononi, Karani mbele.

— Leo si siku yake, akasema Kinyozi. Alikuwa amekalia kiti cha wateja alichokitoa nje, taulo begani.

— Labda kaongezewa kipindi, nikasema.

Mimi ni fundi redio, nao wananiita Redio. Kibanda changu kimepakana na cha Kinyozi, na binti yangu wa darasa la pili hupanda gari la Breki kila asubuhi.

— Nilishawaambia, akasema Mstaafu. Huyu alipiga mihuri ofisini miaka thelathini, na mpaka leo kila neno lake analitoa kama limeshagongwa muhuri. — Yule mbwa anaandaliwa kuuzwa polisi. Mbwa wa kawaida hafundishwi ngazi.

— Polisi wanataka mbwa wa kukimbiza, akasema Kinyozi. Huyu akiona paka anatazama pembeni kama kakutana na mkwe.

— Basi anapelekwa nje. Huko kuna matajiri wanataka mbwa wa kutembea naye tu, aende kwa adabu.

— Ndege apande mbwa, wewe hujapanda hata lifti. Mimi nasema mkewe kachoka naye. Anamfundisha mbwa njia zote ili siku akitimuliwa kuwe na wa kumfuatia nguo.

Mama Birika, muuza kahawa wetu, alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia.

— Mkewe ndiye anayemsomea ratiba, akasema. Nawasikia dirishani kila nikipita alfajiri. Baba anashika kamba, mama anashika karatasi.

— Anamsomea? Breki kasoma kunizidi mimi, akasema Mstaafu.

— Uvivu huo, akadakia Kinyozi. Mtu akishapata mbwa wa kumtangulia, atataka na mke wa kumsomea. Mwisho tutaambiwa Karani ndiye anashika usukani.

Tukacheka wote. Hilo neno usukani lilinirudishia kitu nilichokisikia nyumbani, mezani, nikakiacha kipite.

— Binti yangu anasema garini wana mchezo, nikasema.

— Mchezo gani?

— Mchezo wa taa. Wakikaribia makutano Breki anawauliza, haya, taa ni rangi gani? Wa kwanza kujibu anapewa pipi. Wiki ya mwisho kabla ya likizo binti yangu alishinda siku nne.

Mama Birika akaiweka birika chini.

— Na wewe ukamwambia nini?

— Nilimwambia asile pipi asubuhi.

Sote tulitazama ng'ambo. Breki alikuwa amefika ukingoni, amevaa miwani myeusi ingawa jua lilishapoa. Karani akakaa kama afanyavyo kila Jumanne. Breki akatega sikio kushoto, akatega kulia, akasema neno la kumwinua mbwa. Mbwa hakuinuka. Akalirudia. Mbwa yuko palepale. Upande wa kulia kulikuwa na pikipiki imebeba magodoro mawili, inakuja kasi. Breki akaivuta kamba, akatanguliza mguu mmoja kwenye lami.

— Haioni, akasema Kinyozi kwa sauti ya chini, akasimama.

Karani akajipitisha mbele ya magoti ya bwana wake, akamkingia kwa ubavu, akamsukuma nyuma. Pikipiki ikapita karibu kiasi kwamba godoro lilimpeperushia shati. Breki akabaki ameganda, kiganja juu ya kichwa cha mbwa. Halafu Karani akainuka mwenyewe, wakavuka polepole wakaja moja kwa moja benchini.

— Habari za jioni, jamani, akasema Breki, akitazama nafasi iliyo kati yangu na Mstaafu, ambapo hapakuwa na mtu.

Tukaitikia. Akalipapasa benchi kwa mgongo wa mkono, akaketi. Karani akalala juu ya viatu vyake.

Mama Birika akamimina kahawa. Alikinyoosha tu kikombe mbele ya kifua cha Breki na kukiacha hapo, mvuke unapanda. Breki akaanza kuzungumzia likizo, jinsi ilivyokwenda haraka, jinsi gari lilivyooshwa na kubadilishwa mafuta. Kikombe kilikuwa shibiri moja kutoka kidevuni mwake.

— Leo mimi sinywi? akauliza Breki.

Mama Birika akamshika kiganja, akamwekea kikombe ndani yake, akamfumba vidole.

— Tangu lini, mwanangu?

Breki alikunywa kwanza, akajiunguza, akameza hivyohivyo.

— Jicho la kushoto liliondoka mwaka jana, akasema. La kulia naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Pale katikati naona. Pembeni hakuna kitu. Na tundu lenyewe linazidi kufumba.

— Daktari anasemaje? nikamuuliza.

— Anasema halirudi.

— Sikukuuliza hilo. Kuhusu gari alisema nini?

Breki akamkuna Karani nyuma ya sikio.

— Alisema niache siku ileile. Miezi mitatu iliyopita.

Nilisimama. Nilitaka kusema mengi, na yote yalitaka kutoka kwa pamoja.

— Miezi mitatu unambeba mwanangu, Breki. Unamuuliza taa. Mtoto wa miaka minane.

— Ile njia naijua, Redio. Kila shimo, kila kona. Naendesha kama mtu anayetembea chumbani kwake. Sijamgusa mtu.

— Na hiyo pikipiki ya sasa hivi?

— Niliisikia.

— Aliisikia Karani, akasema Mama Birika. Wewe ulishatia mguu barabarani.

Kinyozi akaingia katikati yetu, mikono yote miwili juu kama anayetenganisha wapiganaji.

— Tusiongee kwa hasira. Huyu ndiye aliyemkimbiza mke wangu hospitali usiku mvua ikipiga, gari zima likachafuka, na asubuhi akaliosha mwenyewe bila kulalamika. Mkienda kumsema shuleni mmemmaliza. Zimebaki wiki tano muhula uishe. Aage kwa heshima.

— Wiki tano ni siku ishirini na tano, akasema Mstaafu. Kwenda na kurudi, mara hamsini. Mimi nitakaa naye mbele. Namsomea taa.

— Wewe mwenyewe unavaa miwani, nikamwambia.

— Miwani yangu ni ya kusomea.

— Basi twende wawili, akasema Kinyozi. Mstaafu anasoma taa, mimi naangalia pembeni. Saluni nitafungua saa tatu.

— Au Karani apande, akasema Mstaafu, na alikuwa hatanii. — Akae kati ya viti. Akiona hatari anamzuia, tumeshuhudia kwa macho yetu.

— Mtu anayetembea atamzuia, nikasema. Mbwa atalizuiaje gari?

— Anafundishika. Wiki moja inatosha.

— Na mtoto akikatiza mbele ya gari? nikauliza. Anayeshuka akasahau begi, akarudi mbio kwa upande huo usioonekana? Mbwa atakuwa anatazama wapi? Wewe utakuwa unatazama wapi?

Kinyozi alilitoa taulo begani, akalikunja, akalikunjua tena.

Breki hakunitazama, au labda alinitazama nisijue. Sauti yake ilishuka.

— Mnafikiri nalala nikiwaza hayo? Kila jioni nikishamshusha wa mwisho nafunga mlango wa gari, nakaa nyuma, kwenye viti vyao. Halafu namchukua Karani, naingia kwenye somo la siku. Najiambia, mbwa akishaiva ndipo nitaacha kuendesha. Nisitoke garini nikakaa kitandani. Leo nilikuja kumjaribu barabara kubwa, peke yetu, bila mwalimu. Kama tungevuka vizuri, basi, ningeacha.

— Na hamkuvuka vizuri, nikasema.

— Yeye alivuka vizuri. Mimi ndiye niliyekosea.

Wakati huo akaja mwanamke ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Alikuwa na ndoo mpya iliyojaa vitu vya jikoni, na funguo zimening'inia kidoleni. Akasimama mbali kidogo na mbwa.

— Hamjambo. Samahani nawakatiza. Nimehamia leo, nyumba ile yenye mlango wa bluu. Mwanangu anaanza shule kesho. Nimeambiwa gari linasimama hapahapa?

— Hapahapa, akajibu Kinyozi. Saa kumi na mbili na dakika ishirini.

— Nashukuru. Akaihamisha ndoo mkono wa pili, akatutazama mmoja mmoja. — Na dereva wake mnamfahamu? Ni mtu wa kumwachia mtoto?

Kinyozi akainama kutazama taulo. Mstaafu, mwenye jibu la kila kitu, alikuwa anakagua kikombe kitupu. Mama Birika akanitazama mimi, kwa kuwa mwanangu ndiye anayebebwa, na mimi niliyekuwa nimefoka muda wote huo nikamtazama Karani. Yule mama akaanza kuingiwa na wasiwasi. Alisogea hatua moja.

— Jamani, nimeuliza vibaya?

— Hujauliza vibaya, mama, akasema Breki.

Akavua miwani. Akapapasa mfuko wa shati, akatoa simu, akainyoosha kuelekea upande ambao sauti yangu ilikuwa imetokea.

— Redio. Nitafutie namba ya mwalimu mkuu. Maandishi siyaoni.

Niliichukua. Ilikuwa na joto la kifua chake. Niliipata namba, nikaibonyeza, nikairudisha mkononi mwake na kuhakikisha ameikamata vizuri. Akasimama. Karani akainuka pamoja naye, akamwongoza kwenye ukuta wa saluni, pasipo na watu, akakaa.

Hatukutaka kusikiliza, na tulisikia kila neno.

— Mwalimu, habari za jioni. Ni mimi, dereva. Kesho msinisubiri.