Mabkhut bin Hizam na Kizingiti cha Baraqish

Ndugu, majirani na wageni mliofika matangani, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mzee wetu, Mabkhut bin Hizam, mlinzi wa mji wa kale wa Baraqish.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1951, chini ya ukuta wa Baraqish, bonde la Jauf, mtoto wa tatu wa mzee Hizam, mwashi aliyejenga nyumba yake kwa mawe ya mji huo, kama tulivyofanya wengi wetu, na kizingiti chake, jiwe refu lenye mwandiko wa kale, kikawa fahari ya kijiji. Chuo cha Kurani alikaa miaka miwili tu, akarudishwa kuchunga ngamia.

Alimuoa Bi Ghaliya binti Jarallah tarehe 7 Juni 1974, wakajaliwa watoto watano.

Tarehe 3 Machi 1986 aliajiriwa kuwa mlinzi, akajifunza mwandiko ule kwa wachimbuaji wa magofu, hata akawa anawasomea wageni majina ya wafanyabiashara wa ubani waliojenga ukuta, nasi tukijidai naye. Kulinda mahekalu ya Nakrah na Athtar, miungu ya watu wa kale, kulimletea maneno, wapo waliomwita mlinzi wa masanamu, na kila alipomzuia mtu kubeba jiwe aliambiwa, "Anza na la mlangoni kwako, Mabkhut."

Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1991 akaanza nalo, kwa kuwa alikwisha kulisoma na kujua kuwa tunakanyaga jina la mtu, akaling'oa kwa mtaimbo mbele ya baba yake, akalirudisha ukutani. Mzee Hizam hakumsemesha mwaka mzima, jambo lililomuuma kuliko kejeli zote, mpaka siku alipopanda mwenyewe hadi ukutani, akalipapasa jiwe, akasema, "Umelilaza vibaya, nipe nyundo."

Mwezi Mei mwaka huu kifua kilimzidia, akalazwa hospitali mjini Marib, na Jumatano tarehe 9 Oktoba 2013, alfajiri, akafariki, ufunguo wa lango la mji wa kale ukiwa chini ya mto wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walinzi wenzake waliochimba kaburi, na ninyi majirani, ambao tangu jana mnaacha langoni mawe yenye mwandiko bila kusema yametoka wapi, ingawa tulipopita na jeneza tuliiona milango yenu iliyobomolewa.

Pumzika kwa amani, baba yetu, mawe yanarudi.