Vifungo vya Mwashi

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, mzee mmoja mwashi alikuwa akimsimulia mama asiyemjua habari za mkono wake wa kulia, uliopooza kwa kiharusi mwaka jana.

"Mke wangu alikataa katakata kunifunga vifungo vya shati," alisema. "Kila asubuhi, funga mwenyewe. Nami nakaa kifua wazi mpaka chai inapoa."

"Huo ni ukaidi, mzee wangu. Mgonjwa husaidiwa."

"Mkaidi nilikuwa mimi, mama. Sikio la kufa. Nilinuna wiki nzima, sikugusa hata kimoja. Yeye akang'oa vifungo vyote, akashona vikubwa kama vizibo vya chupa. Nilipoviweza, akashona vidogo kidogo kwenye shati jingine. Hili ni shati la nne."

Nililichungulia shati. Lilikuwa limefungwa lote, hadi shingoni.

"Namshukuru kila asubuhi," akaendelea, "ila kimoyomoyo. Akinisikia ataleta vidogo zaidi."

"Hata hivyo, siku za baridi angekufunga," mama akashikilia. Kuhusu ukaidi, nadhani alikuwa na uzoefu.

Basi likasimama kituoni kwa mzee. Akainuka, akaanza kufunga koti. Kifungo cha kwanza kikaingia, cha pili kikamponyoka, akakirudia. Kondakta, mwenye haraka zake, akanyoosha mkono amfungie.

Yule mama akaushika ule mkono, akaurudisha.

"Mwache," akasema. "Mkewe atajua."