Hisa za Mdogo Wake

Treni haijakolea mwendo, mshonaji alikuwa ameshaanza kumsimulia jirani yake wa kiti, nesi asiyemjua hata kwa sura, habari za mdogo wake. "Kanunua hisa za kampuni inayotengeneza memori za kompyuta, vile vidude vya kutunzia kumbukumbu. Sasa wamegundua namna ya kuzitengeneza hizo memori kwa bei rahisi, basi wenye pesa wanagombania hisa zao. Zimepanda, dada, usiseme!"

"Si heri? Akipata mmoja, mmepata wote."

"Heri, ndiyo." Alilitamka kama mtu anayemeza kidonge bila maji. "Ila tumenyonya titi moja. Na yule hata kuwasha kompyuta hajui!"

Nesi akafikiri. "Lakini kitu kikiwa rahisi, si kila mtu atakitengeneza? Hizo hisa zitaanguka."

"Ndivyo ninavyoomba." Mshonaji akajishika mdomo. "Ninavyoogopa, nilitaka kusema."

Nesi, kwa adabu, akageukia dirisha.

Treni ikasimama. Mdogo mtu alikuwa akingoja stesheni. Akaja mbio, akampokea dada yake mkoba, akamkumbatia. Mshonaji naye akamkumbatia kwa nguvu, maana alimpenda kweli.

"Hujambo, mdogo wangu? Na zile hisa, bado hazijashuka?"